Mapumziko Yetu: Vilima vya Karagwe, Mto wa Kyerwa na Ufuko wa Bukoba

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila inapokaribia likizo ya shule ya mwezi wa Juni, watu huulizana: "Mwaka huu mtakwenda wapi kupumzika?" Aghalabu mwenye uwezo hutaja Dar es Salaam, au Unguja, au Mombasa, kwa kuwa huko kuna pwani na kuna mambo ya mjini. Ama asiye na uwezo hunyamaza, akajiona kuwa mapumziko si fungu lake. Sisi tulikuwa katika hao wanyamazao. Tumesomesha watoto Qur'ani hapa Karagwe kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda wote huo hatukupata kusafiri na watu wa nyumbani kwetu ila kwa mambo matatu: maziko, harusi na hospitali.

Likizo iliyopita binti yetu mkubwa alituletea fedha kidogo pamoja na maneno haya: "Baba, hizi si za mabati wala si za mbegu za maharage. Hizi ni za kutembea wewe na Mama." Tulimjibu kuwa kutembea bila ya haja ni israfu. Mama watoto alikuwa akichambua mchele, na bila ya kuinua macho akasema: "Mwalimu, kila mwaka unawasomesha watoto kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi yake tupate kuzingatia. Wewe umezingatia wapi zaidi ya hapa na sokoni Kayanga?"

Hatukuwa na jawabu. Basi tukakubaliana tusiende mbali, bali tuitembelee nchi yetu wenyewe: vilima vya Karagwe, kisha Kyerwa, kisha tuteremke Bukoba mjini. Hapo mama watoto akaweka sharti. "Milimani nitakwenda, na mtoni nitakwenda. Ziwani msinipeleke." Sababu yake tulikuwa tukiijua, na tutaieleza mahali pake. Tukafunga safari watu wanne: sisi, yeye, binti yetu, na mjukuu wetu wa miaka tisa ambaye huuliza maswali hata akiwa usingizini.

Siku ya kwanza tulikwenda Bweranyange. Mwezi ule ndio wa kuvuna kahawa, na kila ua tuliopita ulikuwa na buni zimeanikwa juani juu ya mikeka na maturubai. Asubuhi za Karagwe ni za baridi, maana nchi yote imeinuka, na ukungu hulala mabondeni mpaka jua likapanda. Migomba imeshika miteremko, na juu ya migomba ni majani matupu yanayopepea mpaka kileleni. Mgeni wa pwani akija huku huvaa sweta na kusema kuwa tumemleta Ulaya.

Bweranyange ndipo palipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Asitarajie msomaji kuona jumba la mawe, kwani nyumba za wafalme wetu zilikuwa za miti na nyasi, na nyumba za namna hiyo hazidumu karne. Lakini khabari zake zimedumu. Hapa alitawala Ndagara, na baada yake mwanawe Rumanyika, ambaye sifa yake ya ukarimu imeandikwa na wageni waliomfikia. Mwezi wa Novemba 1861 walifika kwake Waingereza wawili, Speke na Grant. Grant aliugua mguu, hata mwenziwe alipoondoka kwenda Buganda yeye akabaki hapa kwa miezi, akitunzwa na mwenyeji wake. Ziwa dogo lililoko bondeni waliliita Windermere, kwa jina la ziwa moja la kwao, kama kwamba wenyeji hawakuwa na jina la kuliita. Mwaka 1876 akaja Stanley, naye akaonyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, iliyojaa vitu vya chuma na shaba vilivyotengenezwa na mafundi.

Mjukuu wetu akauliza: "Babu, na hao nao walikuwa likizo?"

Tukamwambia: "Hapana. Speke alikuwa akitafuta mto Nile unakotoka."

"Akauona?"

"Aliliona Ziwa Nyanza linapomwaga maji yake kaskazini, katika mwaka 1862. Lakini ziwa nalo lina mito inayolijaza, na mkubwa katika hiyo ni Kagera yetu. Ngoja, utauona."

Kuna jambo jingine la Bweranyange ambalo lilitushika kuliko la Speke. Karibu na makao hayo ya mfalme palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, mahali paitwapo Kafuro. Misafara kutoka Tabora ilikuwa ikipumzika hapo kabla ya kuelekea Buganda. Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta hapo Ahmed bin Ibrahim akiwa na nyumba yake na mali yake. Na huyu Ahmed bin Ibrahim ndiye ambaye wanahistoria wa Uganda humtaja kuwa alifika katika baraza ya Kabaka Suna mwaka 1844, na kwamba alipoona watu wanauawa ovyo kwa amri ya mfalme, alisimama akamkumbusha kuwa watu hao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, na mfalme naye ni kiumbe mfano wao. Maneno hayo mbele ya Suna yalikuwa ni kuweka shingo chini ya upanga. Suna hakumdhuru, bali akataka kusikia zaidi.

Ndugu msomaji, tutaungama aibu yetu hapa. Tumewasomesha watoto wa Karagwe khabari za Baghdad na Kurtuba, miji ambayo hatujaiona wala wao hawatarajii kuiona, na hatukupata kuwaambia hata siku moja kuwa njia iliyopeleka Uislamu Buganda ilipita katika mabonde wanakochunga mbuzi. Tulisimama pale tukitazama bonde, tukaona kuwa fedha ya binti yetu haikwenda bure hata kama tungerudi nyumbani siku ile ile.

Siku ya pili tulipanda haisi Omurushaka tukashika njia ya Nkwenda. Huko ni Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe mpaka mwaka 2012 ilipofanywa wilaya yenyewe. Vumbi jekundu liliingia kila mahali, hata mama watoto akasema mtandio wake mweupe umesilimu dini nyingine. Tulipokewa na jamaa zetu kwa desturi ya huku: kabla ya kuulizwa khabari za safari, mgeni hutiwa mkononi kahawa ya kutafuna, yaani buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa. Mjukuu alitafuna moja akakunja uso, kisha akaomba ya pili.

Kesho yake asubuhi na mapema tulikwenda Mtagata penye chemchemi za maji moto. Speke aliandika khabari zake, na Stanley alifika mwenyewe mwaka 1876 akakuta watu waliotoka nchi za mbali wamekuja kuoga kwa kutafuta dawa ya maradhi yao. Mpaka leo watu huja, mwenye maradhi ya ngozi na mwenye maumivu ya viungo. Wake walikwenda upande wao na waume upande wao, na kwa kuwa tulifika kabla ya watu kujaa, kila mmoja alioga kwa sitara yake.

Tulimweleza mjukuu namna ilivyo. Maji ya mvua huzama chini sana katika mianya ya miamba, na huko chini ardhi ni ya moto, khasa katika nchi hizi zilizo karibu na bonde kubwa la ufa la magharibi. Maji yakipata moto hupanda tena kwa mianya mingine mpaka yakatoka juu, nayo hutoka yamechukua chumvi na madini ya miamba aliyopitia. Faida yake mwilini ipo, kama ilivyo faida ya maji yoyote ya moto kwa mtu anayeumwa viungo. Walakini tuliwasikia baadhi ya watu wakiyaomba maji yenyewe na kuyatolea nadhiri. Hilo tunawakataza wasomaji wetu kwa upole: maji ni sababu, na mponyaji ni aliyeyaumba. Mama watoto aliyetoka majini akiwa hashiki tena goti lake alituambia: "Leo usihutubu, Mwalimu. Goti limelala." Tukanyamaza.

Alasiri tulifika Murongo. Hapo mto Kagera ndio mpaka. Upande wa pili ni Kikagati ya Uganda, na hapo pana kituo cha kuzalisha umeme wa maji ambao nchi hizi mbili hugawana. Mto huu unatoka Burundi na Rwanda, ukapanda kaskazini ukiitenga Rwanda na Tanzania, kisha ukageuka mashariki ukiitenga Uganda nasi, mpaka ukaingia ziwani. Katika ukingo wake wa huku ziko hifadhi mbili za taifa zilizotangazwa mwaka 2019, ya Rumanyika-Karagwe na ya Ibanda-Kyerwa. Zote mbili ni ndogo, kila moja haifiki kilomita za mraba 300, tofauti na ile ya Burigi-Chato iliyo kusini, iliyotangazwa mwaka huo huo, ambayo imepita kilomita za mraba 4,700. Ng'ambo, upande wa Rwanda, iko hifadhi ya Akagera iliyowekwa tangu mwaka 1934. Hatukuingia mbugani, kwa kuwa jambo hilo lataka gari lake na matayarisho yake. Lakini anayeweza asiache.

Tulikaa ukingoni. Maji yalikuwa yakienda kwa nguvu, rangi ya udongo, yamechukua majani na matawi. Mama watoto alitazama muda mrefu. Kisha akasema: "Mwaka ule wa 1994 mto huu ulichukua watu."

Ni kweli. Katika mauaji ya Rwanda maiti wengi walitupwa katika mto huu, wakapita na maji mpaka ziwani, na sisi wa Karagwe tuliishi na wakimbizi waliovuka wakiwa hawana kitu. Tukamjibu: "Ulichukua."

Akasema: "Nao walifika ziwani." Hakuongeza neno.

Sasa tueleze sababu ya sharti lake. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba iliyotoka Bukoba ilizama ilipokuwa imekaribia kufika Mwanza. Walikufa mamia ya watu. Hesabu inayotajwa yapita 800. Nchi nzima iliomboleza, na katika mkoa wa Kagera si rahisi kupata kijiji kisichokuwa na nyumba iliyopoteza mtu. Katika hao alikuwamo mdogo wake mama watoto, kijana aliyekwenda Mwanza kununua bidhaa za kuanzia duka. Dada yake ndiye aliyempa nauli ya meli, baada ya kumshawishi kuwa safari ya majini haichoshi kama ya barabara. Maiti yake haikuonekana. Tulimsalia sala ya ghaibu, tukasoma hitima, na mama yao akaishi miaka saba zaidi akiuliza kila asikiapo hodi ya usiku: "Ni yeye?" Tangu siku ile mama watoto hakufika Bukoba. Akiwa na haja ya mjini humtuma mtu. Hata samaki wa ziwa hakumla kwa miaka.

Usiku ule tulilala Nkwenda. Alfajiri, baada ya sala, akasema: "Mwalimu, tukirudi nyumbani sasa sitakwenda tena mpaka nife. Twende Bukoba."

Njia ya Bukoba kutoka Omurushaka ni ya lami, nayo hushuka mpaka Kyaka. Hapo tuliteremka tukamwonyesha mjukuu daraja la mto Kagera. Daraja lililokuwapo zamani lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwezi wa Novemba 1978, walipoivamia nchi yetu mpaka ukingo wa mto. Na katika mwezi wa Aprili 1979 Amin akaondolewa Kampala. Mto ni ule ule tuliouona Murongo, ila hapa umekuwa mpana na mtulivu zaidi. Kutoka Karagwe mpaka Bukoba ni zaidi ya kilomita 100, basi tuliosafiri tukapunguza sala ya adhuhuri na ya alasiri tukazikusanya, na mjukuu akafurahi kuona kwa macho somo alilolihifadhi kwa kichwa.

Bukoba ni mji mwema wa kumpeleka mtu wa shamba, kwa kuwa mambo ya mjini yamo lakini haukupotezi. Kituo chake kilianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha, yule daktari Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, alipokuwa akiwatumikia Wajerumani. Unaweza kwenda kwa miguu kutoka sokoni mpaka ziwani. Sokoni tulinunua senene wakavu, wale wadudu wa kijani jamaa za nzige ambao Wahaya hujivunia. Binti yetu akauliza hukumu yake. Tukamwambia nzige wameruhusiwa katika Sheria yetu, na wanavyuoni wa huku huwahesabu senene katika jamaa hiyo. Hapo mfuko ukawa nusu kabla hatujamaliza kueleza. Siku ya Ijumaa tulisali mjini tukakutana na watu tuliosoma nao utotoni, mvi zimewajaa kama sisi.

Lakini ziwa halikutajwa na mtu. Nyumba tuliyofikia ilikuwa na dirisha linalotazama maji, na mama watoto alilifunga pazia.

Siku ya mwisho, kabla ya jua kuchomoza, tulisikia anavaa. Tulimfuata kwa mbali kidogo, mjukuu ametushika mkono. Ufukoni mchanga ulikuwa na umande. Wavuvi walikuwa wakivuta mitumbwi yao, na kisiwa cha Musira kilionekana cheusi mbele yetu. Ziwa hili ni la pili duniani kwa upana katika maziwa ya maji matamu, na asubuhi ile lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Tulitaka kumwambia yale tunayowaambia wafiwa: kwamba Mtume wetu (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa maji kuwa katika mashahidi. Alituona tunafungua mdomo akainua mkono: "Najua, Mwalimu. Umeniambia tangu mwaka ule."

Akatembea mpaka maji yakamfika vifundoni. Akatawadha humo ziwani, kiungo kwa kiungo, polepole. Akarudi akatandika mtandio wake mchangani akasali rakaa mbili, na baada ya salamu akakaa muda mrefu ameinua mikono. Hatukusikia alichoomba. Tulilosikia ni neno moja la mwisho, alipokuwa akijipangusa uso: "Nilimpa nauli kwa mapenzi."

Mjukuu, ambaye hakujua lolote katika haya, akamwuliza: "Bibi, maji haya ndiyo yale ya Murongo?"

Akamtazama. "Ndiyo. Yamepita kwetu kwanza."

Adhuhuri ile tulikula ndizi kwa samaki wa sato, naye alikula.

Wasomaji wetu, hatukuandika haya ili tujisifu kwa safari ya siku chache ambayo tajiri angeimaliza kwa siku moja. Tumeandika kwa kuwa tulikuwa tukidhani mapumziko ni mchezo wa wenye nazo, na sasa tumeona vingine. Miaka mingi tumekaa nyumba moja na huzuni ya mwenzetu, tukaitibu kwa mawaidha, na mawaidha yalikuwa ya kweli. Lakini lililobaki lilihitaji miguu yake mwenyewe, na siku yake aliyoichagua. Laiti tungalimshika mkono tukamvuta mwaka wa kwanza, tungalimwumiza. Na laiti fedha ile tungaliinunulia mabati, pengine asingalikwenda kabisa.

Basi anayetaka kufanya kama tulivyofanya, ushauri wetu ni huu. Aweke akiba kidogo kidogo kuanzia baada ya Idi, asikope. Achague Juni au Julai, mvua zikiwa zimepungua, na achukue nguo za baridi kwa ajili ya vilima. Awajulishe jamaa mapema, wala asiwalemee kwa siku nyingi. Awachukue watoto, kwa kuwa maswali yao ni nusu ya safari. Na kabla ya kutoka amwulize mkewe, au mama yake, au mzee aliye nyumbani: "Wewe ungependa kufika wapi, na wapi hupendi?" Sisi tungaliuliza swali hilo tangu zamani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa katika ziwa na katika mto, awape subira walioachwa, na atujaalie macho ya kuona yaliyo karibu nasi. Amin.

Wabillahi tawfiq.